Njia za mkato 50 ndani ya dakika 15? Mimi nasema jifunze moja

Leo naweka pembeni mbolea na mbegu. Tangu tulipozungumza hapa kuhusu kuweka hesabu za mazao kwenye kompyuta, napokea ujumbe wa aina moja karibu kila wiki: "Afisa, nitumie ile video ya njia za mkato za Excel." Wengine wameshaitazama, wanaomba nyingine. Kijana mmoja anayenunua mahindi vijijini na kuyapeleka mjini aliniambia kwa fahari kwamba kwa wiki moja ametazama video zaidi ya kumi. Nikamwomba ajumlishe magunia yake mbele yangu. Akashika kipanya, akapanda juu kwenye menyu, akatafuta, akarudi, akatafuta tena, akapata. Hakutumia hata njia moja kati ya zile alizozitazama.

Simcheki. Mimi mwenyewe nimemaliza bando langu hivyo hivyo.

Kwa ambaye hajui tunazungumzia nini: njia ya mkato ni kubonyeza vitufe viwili au vitatu kwa pamoja ili kompyuta ifanye kazi ambayo vinginevyo ungeitafuta kwa kipanya. Ctrl na C kunakili, Ctrl na V kubandika. Ziko mamia. Na YouTube imejaa walimu wanaozionyesha, wengine kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Maoni yangu ni haya, na najua baadhi yenu mtanipinga. Zile video zinazokuahidi njia za mkato 50 ndani ya dakika 15, ziacheni. Jifunze moja kwa wiki, itokane na kazi unayoirudia wewe, na zile zinazookoa kazi yako zitangulie zile zinazoiharakisha. Nimefika hapo kwa kuumia, tena nikiwa nimeumiza na wengine.

Ilikuwa msimu wa alizeti. Kikundi kimoja katika kata ninayoihudumia kilikuwa na wanachama 38 waliopeleka mzigo pamoja ili wapate bei moja. Katibu wao ni kijana mwepesi wa kujifunza, na laptopu ya kikundi ilikuwa mikononi mwake. Aliingiza majina kwenye safu ya kwanza, kilo kwenye safu ya pili, fedha alizokwisha kukopa mtu kwenye safu ya tatu. Kazi safi. Mimi, kwa nia njema, nikamtumia kwa WhatsApp video moja ya njia za mkato. Ilikuwa ya haraka haraka, yenye muziki, na mwalimu hodari sana wa vidole.

Ndani ya ile video kulikuwa na kipande cha kupanga majina kwa alfabeti. Kijana akaona hilo ndilo analolihitaji, maana siku ya malipo watu huitwa kwa majina. Akachagua safu ya majina, akabonyeza kitufe cha kupanga. Excel ikatoa onyo, kwa Kiingereza, ikiuliza: nichukue na safu za jirani, au niendelee na hii uliyochagua peke yake? Kwenye video mwalimu aliligusa onyo hilo na kulipita kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kijana wetu akafikiri: mimi nimechagua majina, nataka majina. Akachagua kuendelea na safu ile peke yake.

Majina yakajipanga vizuri, kuanzia Abdallah hadi Zuhura. Kilo zikabaki zilipokuwa. Mikopo ikabaki ilipokuwa.

Halafu akafanya jambo ambalo pia alikuwa amelijifunza kwenye video ileile: Ctrl na S, hifadhi. Akafunga kompyuta akaenda kulala.

Asubuhi mwenyekiti aliomba jumla. Jumla ilikuwa sawasawa na ya mizani, kilo kwa kilo. Hapa ndipo ninapotaka msomaji usimame kidogo. Ukichanganya majina bila kugusa namba, jumla haibadiliki. Kila mtu aliyekagua jumla aliridhika, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tukaanza kuita. Mzee mmoja ambaye wote tunajua alileta kilo 640 akasomewa kilo 85. Kwa bei ya msimu ule ya shilingi 900, hiyo ni tofauti ya shilingi 499,500, karibu laki tano. Mzee hakupiga kelele. Alisimama tu akasema, "Mwanangu, soma tena." Kijana akasoma tena, 85. Mama mmoja aliyekuwa hajakopa hata senti akaambiwa anadaiwa. Baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza mwenzake.

Kilichotuokoa ni kaunta buku. Mtunza mizani, mama mtu mzima ambaye hakuwahi kuiamini ile laptopu, alikuwa ameandika kila mzigo kwa kalamu na kumtia saini mwenye mzigo. Tulichukua siku mbili kurudisha kila kilo kwa mwenyewe. Fedha zilirudi mahali pake. Lakini kwa miezi kadhaa yule kijana alikuwa akipita njia ya nyuma ili asikutane na watu, na kwenye vilabu vya pombe neno "kompyuta" lilikuwa na maana ya wizi. Mimi niliyemtumia video hakuna aliyenisema. Nimelisema leo.

Sasa, video ile haikuwa na uongo wowote. Kila alichokionyesha mwalimu kilikuwa kweli. Shida ni kwamba video za aina ile hukuonyesha mkono wa mtu anayejua, kwenye faili la mfano ambalo likiharibika hakuna anayelala njaa. Huoni akikosea. Huoni alivyojitoa baada ya kukosea. Na sisi tunaotazama hupata ile raha ya kuelewa, tunaichukua kuwa ni kujua. Ni kama mtu aliyesimama barabarani akatazama wenzake wakipanda kwa nafasi kwenye shamba darasa, halafu akaenda zake. Ukimuuliza atakueleza vizuri sana. Mpe kamba na jembe uone mistari yake.

Basi zianze zile za kuokoa. Ya kwanza ni Ctrl na Z, inayorudisha nyuma kitu ulichofanya mwisho. Bonyeza tena, inarudi hatua nyingine. Kama kijana wetu angeibonyeza mara moja pale alipopanga majina, yangerudi yote. Lakini ujue mpaka wake: kwenye Excel ya kawaida iliyo ndani ya kompyuta, ukishafunga faili, ile kumbukumbu ya kurudi nyuma imeondoka. Asubuhi yake ukibonyeza Ctrl na Z hadi kidole kiume, hakuna kitu. Google Sheets ina nafuu hapo, kwa sababu inatunza matoleo ya nyuma ya faili na unaweza kurudi kwenye la jana.

Ya pili ni F12. Hii video nyingi huiruka kwa sababu haina mbwembwe. Kwenye Excel ya kompyuta, F12 inakufungulia nafasi ya kuhifadhi faili kwa jina jingine. Kabla hujapanga, hujafuta, hujajaribu chochote ulichokiona kwenye video, bonyeza F12, ongeza tarehe kwenye jina la faili, hifadhi. Sasa unazo mbili, na utacheza na moja tu. Laptopu nyingine zinataka ushikilie kitufe cha Fn kwanza ndipo F12 ikubali. Ctrl na S ni nzuri pia, umeme wetu mnaufahamu, ila kumbuka inahifadhi na makosa kwa uaminifu uleule.

Hizo mbili zifanye mpaka mkono uende wenyewe. Usiziendee nyingine kwanza.

Baada ya hapo, angalia kazi yako mwenyewe na uulize: ni kitu gani ninakirudia hadi kinanichosha? Usiulize video. Video haijui kama unauza mchele kwa kilo au unakusanya maziwa asubuhi na jioni. Kwa yule katibu, kilichomchosha ni tarehe. Wanachama 38, kila mmoja alileta mzigo kama mara sita, hiyo ni mistari 228. Ukiandika tarehe kamili, mfano 15/06/2024, unabonyeza mara kumi. Mara 228 ni mibonyezo 2,280, na usiku umeshaingia. Kwenye Excel, Ctrl pamoja na kitufe cha nukta-mkato (;) inaweka tarehe ya leo yenyewe. Vitufe viwili. Zaidi ya muda, inakuepusha na tatizo jingine: ukiandika 06/07, kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani itaielewa kuwa tarehe 7 mwezi wa sita, na wewe ulikuwa na maana ya tarehe 6 mwezi wa saba. Utakuja kuligundua wakati wa kugombana.

Lakini hata hiyo ina sharti. Inachukua tarehe ya kompyuta. Laptopu kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa, ukiizima na kuiwasha inaweza kukurudisha miaka mingi nyuma. Tazama tarehe pale chini kulia kabla hujaanza kazi. Na kuna walimu wa video wanaofundisha kuweka tarehe kwa kanuni ya TODAY. Hiyo usiitumie kwenye kumbukumbu za mizigo. Inaonyesha leo kila siku: mzigo ulioupokea Jumatatu, ukifungua faili Ijumaa, utasomeka umepokelewa Ijumaa. Ile ya Ctrl na nukta-mkato haibadiliki. Tofauti hii ni kubwa kwa mtu anayelipa watu, na ni mara chache nimeona ikisemwa kwenye video za haraka.

Wafanyabiashara wengi mtaniambia kwenu kinachochosha ni kujumlisha. Sawa. Kwenye Excel simama chini ya namba zako, shika Alt ubonyeze alama ya sawasawa (=), kisha Enter. Ila kabla ya Enter, tazama ile mistari inayomeremeta inazunguka namba zipi. Kama kuna seli tupu katikati, inaweza kuishia hapo na kukuachia magunia ya juu nje ya hesabu. Na kama uliandika "640kg" badala ya 640, kwa kompyuta hiyo si namba tena, ni maneno, haitajumlishwa. Andika "kilo" kwenye kichwa cha safu, chini yake namba tupu.

Unaona ninachofanya? Kila njia ya mkato moja imekuja na mtego wake, na mtego ndio uliochukua maneno mengi. Ndiyo sababu 50 kwa dakika 15 haiwezekani. Ukigawanya, kila moja inapata sekunde 18.

Jinsi ya kutazama sasa. Tafuta video kwa tatizo lako, usitafute kwa neno "njia za mkato". Andika "jinsi ya kupanga majina Excel" na chagua fupi inayozungumzia jambo hilo moja. Fungua faili la mazoezi, lenye majina ya kubuni matano, sita. Tazama hatua moja, simamisha, fanya. Kwenye kompyuta, YouTube ina vitufe vyake: K inasimamisha na kuendeleza, J inarudi nyuma sekunde kumi. Kwenye simu gusa mara mbili upande wa kushoto wa picha. Mimi hurudi sehemu moja mara tano, sita, na sioni aibu. Ukimaliza, zima video kabisa na ufanye tena bila kutazama. Ukikwama, hapo ndipo ulipokuwa hujui.

Kisha ufanye makusudi makosa. Panga majina peke yake kwenye lile faili la mazoezi, uone namba zinavyobaki nyuma, halafu Ctrl na Z. Mtu aliyekwisha kuliona lile onyo kwa macho yake, kwenye faili lisilo na fedha za watu, halipiti tena kwa haraka. Na zipo programu zinazopanga safu uliyochagua bila kukuuliza chochote.

Andika hatua kwenye daftari kwa maneno yako. Hii ni kwa ajili ya bando pia. Ukipunguza ubora wa video hadi chini kabisa unaokoa data, lakini maandishi ya Excel hayasomeki, unabaki kutazama ukungu. Afadhali utazame mara moja kwa ubora unaosomeka, uandike, usirudi tena kununua kitu ulichokwisha kununua.

Angalia pia video inazungumzia programu gani. Mtoto wa jirani yangu anajifunza kuandika programu za kompyuta, anatumia VS Code, na yeye pia anaishi kwenye hizo video. Siku moja alimsaidia baba yake hesabu za duka, akabonyeza Ctrl na D. Kwenye VS Code hiyo inachagua neno lile lile linapojitokeza tena mbele. Kwenye Excel inachukua kilicho kwenye seli ya juu na kukijaza chini. Deni la mteja mmoja likamwangukia mteja wa chini yake. Kwenye kivinjari cha intaneti, vitufe hivyo hivyo vinakuhifadhia ukurasa. Ctrl na Z, C, V na F ya kutafuta ndizo utakazozikuta karibu kila mahali. Larry Tesler, Mmarekani aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Xerox miaka ya 1970, ndiye anayetajwa zaidi kwa kazi ya kukata, kunakili na kubandika tunayoitumia hadi leo. Nyingine zote, hakikisha kwanza.

Na kama una simu tu, ambao ndio wengi wenu, video za Ctrl hazikuhusu. Simu haina kitufe hicho. Kwenye programu za hesabu za simu kuna mshale uliopinda kuelekea kushoto, mara nyingi juu ya kioo. Huo ndio Ctrl na Z yako, utafute leo kabla hujaingiza hata namba moja.

Kuna wanaoniambia haya yote ni kupoteza muda, mkulima ana jembe, daftari linatosha. Kwa mwenye magunia kumi na mbili ya mahindi, nakubaliana nao bila ubishi. Daftari linatosha na kalamu haihitaji chaji. Ninaowaandikia ni ninyi makatibu wa vikundi, wakusanya maziwa, wanunuzi wa mazao wenye watu mia wa kuwalipa, ambao tayari kompyuta imeingia mezani kwenu upende usipende. Hata ninyi msilitupe daftari. Siku ya malipo, kabla ya kuita mtu wa kwanza, chukua majina matatu kwenye kompyuta, moja la juu, moja la katikati, moja la mwisho, ulinganishe na daftari la mizani, kilo na deni. Jumla pekee haitakwambia, mmeona wenyewe.

Wengine watasema mtu akitazama video nyingi, kitu kitabaki kichwani. Huenda kikabaki. Kwangu mimi, kati ya zile nilizotazama kabla ya msimu ule, zilizobaki ni nne, na zote nne ni zile nilizozihitaji kesho yake asubuhi.

Yule kijana bado ni katibu. Haikuwa rahisi, mkutano ulikaa mara mbili, na aliyemtetea ni yule mzee wa kilo 640, akasema aliyeungua ndiye anayeujua moto. Msimu uliopita nilimkuta anamfundisha msaidizi wake, binti aliyemaliza kidato cha nne. Alikuwa amemfungulia faili la mazoezi, amemwambia aliharibu.

Kipindi kijacho narudi kwenye dumuzi na mahindi ghalani, kama nilivyoahidi. Wenye laptopu za vikundi, siku ya mafunzo pale ofisi ya kata njooni nazo zikiwa na chaji, pamoja na daftari la mizani.